Ukoko Tuliokula na Mbwa

Kwetu Misikhu, ukoko wa ugali ni wa watoto. Sufuria haioshwi kabla hawajaukwangua. Nilipokuja Kitale kukaa kwa dada yangu nilikuja na desturi hiyo. Nikishapakua, naweka sufuria chini jikoni, mimi na mtoto wake wa miaka mitatu tunakaa kando yake. Wa tatu wetu alikuwa mbwa mdogo ambaye shemeji, mume wa dada, alimtoa sehemu za Kwanza, nje ya mji, ili akikua alinde mahindi. Hakuwa na jina. Mtoto anauma kipande, anampa mbwa alambe, kisha anakirudisha mdomoni. Hakuna aliyeshangaa. Hata sisi tulilelewa hivyo.

Mimi si mtu wa maneno. Niliishia darasa la nane, na Kitale sikuwa na rafiki. Wasichana wa jirani wakiniambia "Niaje?" nilitabasamu tu, wakapita. Mezani shemeji alinitania: "Leo umesema maneno mawili. Mvua itanyesha, bana!" Wote wanacheka, nami naangalia sahani. Lakini wao wakienda kazini na mtoto akilala, nilizungumza na mbwa. Nilimweleza habari za nyumbani, na yeye ananitazama, kichwa upande. Kutwa nzima, sauti yangu niliisikia hapo tu.

Halafu mbwa akaanza kuharisha. Nilisafisha nyuma ya jikoni asubuhi, nikaona ni kawaida ya mbwa wadogo. Baada ya siku chache mtoto akashikwa na homa, akalia tumbo, na choo chake kikawa na damu. Tulimkimbiza hospitali, dada mbele, mimi nimembeba mgongoni.

"Mko na mnyama nyumbani?" daktari akauliza.

"Kuna kambwa," dada akasema. "Lakini kako sawa."

"Hakaharishi?"

"Hapana."

Dada hakudanganya. Hakujua. Nami nilimjua shemeji: kuku akikohoa tu, jioni hayupo. Nikisema, mbwa ataondoka, na sina mwingine wa kuongea naye. Mtoto alikuwa amenilalia begani, shingo yangu inaungua kwa joto lake.

"Anaharisha," nikasema.

Dada akageuka. "Nani?"

"Mbwa. Na wanakula ukoko pamoja, mdomo kwa mdomo."

Daktari hakutugombeza. Alisema kuna bakteria za tumbo ambazo mbwa na mtoto hupeana, na huenda mbwa ndiye aliyeanza, huenda ni mtoto. Akaagiza choo kipimwe. Alisema mbwa atibiwe, awe na chombo chake, na sisi tunawe kwa sabuni kila tukimshika.

Jioni shemeji alisema mbwa aende.

"Daktari amesema atibiwe tu," nikamwambia.

"Kumbe unajua kubisha!" Safari hii hakuna aliyecheka. Kisha akasema kwa upole, "Shemeji, huyu mtoto ni mmoja tu."

Nilichopata ni kwamba mbwa hatatupwa barabarani. Daktari wa mifugo alimpa dawa, na alipopona nikampeleka Bungoma kwa kukhu, nyanya yetu, ambaye hana watoto wadogo nyumbani. Nilirudi Kitale na kikapu kitupu.

Mtoto alipona vizuri, anakimbia. Jumapili nampigia kukhu, naye anaweka simu chini karibu na mbwa. "Si uongee, yuko hapa," anasema kwa mbali. Naanza, halafu nakumbuka shemeji yuko sebuleni anasikia, nakwama. Nasikia kuku wa kukhu tu.

Ukoko bado naukwangua, lakini sasa nautia kwenye sahani, baada ya sabuni. Jana mtoto alikata kipande chake, akakiweka sakafuni, akatazama mlango.

"Aunti, mwite."

Nikakiokota kile kipande, nikampeleka tukanawe mikono tena.