Mawese kwenye breki

Jamani, nani anajua mawese yanatolewaje kwenye breki za diski?

Leo asubuhi nimefunga pedi mpya kwenye baiskeli yangu ya gia. Hapa Kasulu nimezikosa kabisa, nikaagiza Dar.

Nikibana breki zinalia kidogo. Kawaida tu, pedi mpya hizo!

Nikaingia ndani kunywa chai.

Natoka, napanda, nashuka mteremko wa sokoni. Nabana breki... hamna kitu. Nimekuja kusimama kwenye migomba ya watu.

Narudi na matope usoni. Mama mkwe, mgeni wetu kutoka Kitanga, ananipokea kwa tabasamu:

"Mkwe wangu, baiskeli ilikuwa inalia, nikaipaka mawese."

Sasa mama mkwe utamgombeza?

Nimesema, "Asante, mama."

Na kweli, hailii tena. Nalia mimi.