Nililisingizia Joto la Dar

Jamani, nimekosa mie! Nichekeni, lakini polepole, maana nimeshaumbuka vya kutosha.

Binti yangu alijifungua, nikafunga safari kutoka Buguruni hadi kwake Kibamba kumlea mzazi. Nilijisifu njia nzima. Nimezaa wanne, nani ataniambia nini kuhusu uzazi?

Sasa, nilikuwa na siri. Hedhi ilishaanza kunipiga chenga, na joto likinipanda ghafla mpaka shingo inalowa. Nimwambie binti kwamba mama yake anazeeka? Thubutu! Kila likinipanda nilisema, "Hili joto la Dar litatuua," nikawasha feni na kufungua madirisha.

Siku moja binti akaniambia, "Mama, nasikia joto, halafu tumbo la chini linauma kweli."

"Joto la Dar hilo, hata mie sina hali. Na tumbo ni uzazi tu, litatulia."

Nikamgusa paji la uso. Mkono wangu wenyewe ulikuwa wa moto, ningejua nini? Mama mtaalamu! Nikaenda kumkorogea uji.

Sebuleni nikamkuta mkwe wangu kajikunyata ndani ya sweta. Kumbe mvua inanyesha tangu asubuhi! Maskini, kwa heshima za ukwe alikuwa anatetemeka kimyakimya, anaogopa kuzima feni niliyoiwasha mimi. Akajikaza, macho chini: "Samahani mama, mbona leo kuna baridi?"

Baridi? Sasa joto la mwanangu limetoka wapi? Nikarudi chumbani mbio. Mwanangu alikuwa anatetemeka chini ya shuka, meno yanagongana.

Hospitalini wakasema ni maambukizi kwenye kizazi, na tungechelewa zaidi tungempoteza. Nililia pale kwenye benchi bila kujali watu.

Nesi akauliza, "Mama, hukuona kwamba ana homa?"

Nikamweleza yote, hedhi na jasho, mbele ya mkwe! Kijana wa watu akageukia ukutani kama anasoma tangazo. Nesi akatabasamu, akasema nami niende kliniki nikaonwe.

Binti amepona, namshukuru Mungu. Wananitania hao wanangu, na nimestahili.

Wanawake wenzangu, mzazi akisema ana joto, mpelekeni akapimwe, achaneni na viganja. Na kama umri umewafikia, semeni! Mie niliona aibu kuonekana nazeeka, nusura nibaki nalea mjukuu asiye na mama.