Neno la Kumtetea Mjomba

Mjomba wangu alishtakiwa kwa sababu ya mdomo wangu. Nalisema mwanzo kabisa, nisije nikajipendelea huko mbele.

Alikuwa mchimbaji wa visima pale Tiwi, na ndiye aliyenilea. Alikuwa pia akipiga ramli. Anatandaza mchanga kwenye ubao, anachora alama kwa kidole, anakwambia siku njema ya safari au ya harusi. Watu walimjia mpaka kutoka Jego. Siku moja jirani yetu akamwita amtazamie kisima chake kabla hajamteremsha mwanawe kukisafisha. Mjomba akapiga ramli, kisha akaenda akachungulia kisimani, akasema, "Usimteremshe mtu. Ukuta huu utaanguka." Jirani akamcheka. Siku ya tatu akamteremsha mwanawe, ukuta ukaanguka, kijana akavunjika miguu yote miwili, akapelekwa hospitali ya Msambweni hajitambui.

Nilikuwa dukani watu walipoanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Mzee yule anabahatisha tu. Leo imemwangukia."

Damu ikanichemka. Nikapiga meza. "Kubahatisha? Mjomba wangu akisema utaanguka, unaanguka! Hata wewe akikutamkia leo, kesho hatukuoni!"

Nikajiona nimemtetea, nikatoka kifua mbele. Kufika alasiri, maneno yangu yalikuwa yameshafika kwa jirani, tena yamekua: mjomba ndiye aliyeuangusha ukuta. Siku mbili baadaye askari akaleta samansi. Alhamisi, Kwale, mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kwa mambo ya uchawi.

Uchawi ni jela. Na je, kijana akifa? Miaka ile habari za bara zilikuwa ni za watu kunyongwa na serikali, na mimi kila nikifumba macho naiona shingo ya mjomba. Yeye aliniuliza mara moja tu, "Dukani ulisema nini?" Nikamwambia. Akaitikia, "Haya," akaendelea kunoa sururu yake. Afadhali angenipiga.

Bwana Shauri alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha kuombea maji. Tukaambiwa maelezo ya mjomba yaandikwe kwa Kiingereza. Kiingereza changu nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada niliyopewa na Mzungu mmoja wa Diani niliyekuwa nikimfulia. Basi tukakaa barazani, mimi na kalamu, mjomba na tambuu yake mdomoni, tunatafuta neno moja tu: la mtu aliyesema jambo kabla halijatokea.

Nikaanza na *prophesy*. Nililipenda, lina uzito.

"Maana yake?"

"Ndivyo wafanyavyo manabii, mjomba."

"Astaghfirullah! Futa! Futa sasa hivi! Unataka nitoke jela ya Mzungu niingie moto wa Mungu?"

Nikatazama *divine*. Kamusi ikasema ni kuyajua yaliyofichika kwa nguvu zisizo za kawaida. Nikaiona pingu yenyewe. *Foretell* lilikuwa safi, ni kusema mapema tu, lakini halisemi umejuaje, na kwenye tundu hilo ndipo uchawi ungepenyezwa. *Fortune-teller* sikulitaka hata kulisoma. Nilishaona gazetini picha ya bibi aliyeitwa hivyo, anatazamia kwa karata, watu wamemzunguka wanamcheka. *Forecast* nalijua kwa redio ya yule Mzungu: leo mvua, kesho mvua, na mvua haiji.

"Hao wakikosea hushtakiwa?" mjomba akauliza.

"Hawashtakiwi."

"Basi kazi nzuri hiyo, nitafutie." Akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Likabaki *predict*: kusema litakalokuja kwa sababu ya yale unayoyajua. Nikaruka. "Ndilo hili, mjomba! Uliutazama ukuta, ukajua!" Hakuruka pamoja nami. Alikuwa akikisugua kile kidole chake cha kuchorea. Mwisho akasema, "Andika."

Alhamisi tukapanda Kwale. Nusu ya Tiwi ilikuwa imeshafika, jirani mbele yao. Bwana Shauri akaisoma karatasi yangu, akauliza kitu, karani akakigeuza: "Mzee, umeandika ulijua kwa ujuzi wako. Lakini watu hawa wanasema ulipiga ramli siku ile ile. Ramli ilisema nini?"

Nikafungua mdomo. Mjomba akanibana mkono mpaka nikaumia. "Nyamaza, mwanangu. Umeshasema."

Kisha akamgeukia Bwana Shauri.

"Ramli ilitoka njema," akasema. "Ilisema kijana atashuka na kupanda salama. Lakini nilipochungulia niliona ufa, na chini maji yameshakula mawe. Nachimba visima tangu sijaota ndevu. Nikauamini ufa, ramli nikaiacha."

Nyuma yetu watu wakaguna. Bwana Shauri akamwuliza jirani kama kweli alionywa asimteremshe mtu. Jirani akainamisha kichwa, akasema kweli. Basi, mjomba akaambiwa aende zake.

Huko nje nilitaka kuruka na kupiga kelele. Kisha nikawaona watu wa Tiwi wakitupita. Mama mmoja aliyekuwa aje Jumamosi kutazamiwa siku ya harusi ya bintiye alimwambia mjomba, "Tutaonana, inshallah," bila kusimama. Hakuja. Wa Jego nao hawakuja tena. Ubao wa ramli sasa unafunika mtungi wa maji, na mjomba anachimba visima tu, mgongo unamwuma.

Kijana alipona, anatembea kwa fimbo. Lakini mimi hofu haijanitoka. Huenda mjomba alisema kweli, ramli ilimdanganya. Au huenda ramli ilisema sawasawa na ufa, naye akaikana mbele ya watu wote, heshima yake ikaisha, kwa sababu mimi sikuweza kufunga mdomo dukani. Kila nikiuinua ule ubao kuteka maji, swali linanifika kooni. Sijathubutu kumwuliza.