Rangi Iitwayo Wifi Kanuna

"Shangazi, na mimi ni rangi gani?" binti aliuliza akiwa na miaka saba, ameegemea kiti cha shangazi yake, aliyechora picha za vitabu vya watoto kwa kompyuta. Aliuliza kwa uchungu, maana kwenye kompyuta ile ukoo mzima ulikuwa umeshapewa rangi isipokuwa yeye. Shangazi hakuziita rangi zake kwa namba kama watu wengine. Kahawia ya mashavu ilikuwa Mjomba Katoka Juani, kijivu cha mvi kilikuwa Babu Hajanywa Chai, na zambarau nzito ya vivuli ilikuwa Wifi Kanuna. Akipaka, ulimi humtoka pembeni. Kwa kipanya huvuta kinukta kimoja cha ukingo wa kivuli, akakirudisha, akakivuta tena, na pua ya mhusika ikienda upande, yake nayo huifuata.

Siku moja mama yake binti, wifi mwenyewe, alisimama nyuma yao akasoma majina ya rangi kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyu Wifi Kanuna ndiye nani?"

Shangazi hakugeuka. "Kivuli tu, wifi yangu."

"Kivuli cha nani?"

"Cha mbuzi."

Mama akanuna. Shangazi, Mungu amsamehe, akamgeukia, akautazama uso ule vizuri, kisha akarudi kwenye kompyuta akaongeza zambarau kidogo.

Binti alijibiwa akiwa kidato cha tatu, alipouliza tena kwa kujifanya anatania.

"Wewe ni hiki kivuli kidogo chini ya pua," shangazi alisema. "Sikukiandikia jina usije ukaringa. Nikikutoa wewe, hawa wote wanabaki sahani zenye macho."