Matanga ya Mjane wa Kitaliano

Ile opera nilipewa na mtu aliyeichukia, na ni haki niliseme hilo kwanza. Alikuwa nyapara wetu kwenye kazi ya barabara, Mtaliano mwenyewe, na alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao alinitupia sanduku la santuri tatu.

"Chukua," akasema. "Zawadi ya mama mkwe. Hata kwetu hakuna anayeiimba. Watu waliisahau kabla babu yangu hajazaliwa, na walifanya vizuri."

Nikamuuliza inahusu nini. Akasema kuna mjane kijana anayependwa na ndugu wawili, anakunywa sumu, halafu anaimba.

"Anaimba akiwa ameshakunywa?"

"Hapo ndipo anapoanza."

Mimi niliishia darasa la saba, na muziki niliojua ni wa kanisani na wa baa, kwa hiyo sitajifanya. Mara ya kwanza nilisikia kelele. Mara ya pili nikasikia kelele zenye mpango. Mara ya tatu, kwenye santuri ya mwisho, nilifika mahali ambapo filimbi inatangulia na yule mama anaifuata. Ikipanda anapanda, ikijificha anaitafuta, halafu filimbi inanyamaza naye anaendelea peke yake, kama mtu aliyeachwa njiani akakataa kuamini kwamba ameachwa. Hapo vinyweleo vya mikono vilinisimama. Mpaka leo sijui kama niliipenda kweli au nilipenda kuwa mtu anayependa vitu kama hivyo. Ila nilikuwa peke yangu chumbani, na sioni ni nani ningemringia.

Mke wangu hakuwa na shaka hata kidogo. Yeye ni mwanakwaya, sauti ya kwanza, na kazi hiyo anaijua.

"Huyu anarudia neno moja tangu asubuhi," akasema. "Angekuwa kwetu tungemfukuza. Jumatatu hilo sanduku linaenda sokoni Gikomba, likalilie huko."

Na ni kweli, anarudia. Nikaomba kitu kimoja tu, nimsikilize mpaka mwisho Jumamosi ile, kisha nimpeleke mwenyewe. Mke wangu akakubali, akachukua ndoo akaenda mferejini.

Betri za gramafoni nilikuwa nimezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Nikafungua sauti yote. Nyumba zetu za Shauri Moyo ni chumba kimoja kimoja, na ukuta hauzuii hata kikohozi. Mjane akanywa sumu yake, akatoa ule ukemi wake wa kwanza, mrefu, na kabla filimbi haijaingia mlango wangu ukasukumwa.

Alikuwa mama wa nyumba ya pili, mtu wa Machakos, leso kichwani, pakiti ya sukari kifuani, machozi tayari.

"Uuui, jirani! Ni nani ametuacha?"

Nyuma yake alikuwa mumewe, dereva wa lori, na karai la makaa. Nyuma ya dereva, mzee wa kanisa anayeuza mabati, Biblia kwapani. Siwalaumu. Kwenye laini yetu ya nyumba, mwanamke akilia hivyo mchana huulizi kwanza. Unashika kitu mkononi, unakwenda.

Nikanyoosha kidole kwa gramafoni. Wote wakaiangalia.

"Wacha," dereva akasema. "Huyo ndiye anakufa?"

"Ndiye."

"Na mbona hafi?"

"Bado kidogo."

Akaketi kitandani. "Mimi nimekimbiza wagonjwa wengi hospitali, bwana. Sijaona mwenye pumzi kama hii."

Mke wangu akarudi na ndoo, akakuta msiba. Nilipomweleza aliishiwa na maneno, jambo ambalo si kawaida yake, kisha yakamrudia yote pamoja. "Umetuitia watu kilio cha sahani ya plastiki!" Akazima gramafoni, akachukua ile sukari jirani aliyoiweka mezani, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Mama, tusamehe. Rudi na sukari yako."

Jirani akaficha mikono mgongoni.

"Nirudi nayo? Sukari ya matanga hairudi ilikotoka. Unataka niite kifo kwangu?"

Wakamgeukia mzee wa kanisa. Akafikiri sana. Akasema kanisa halifundishi jambo kama hilo, ni mambo ya giza. Kisha akaongeza, "Lakini hata mimi singeirudisha."

Basi sukari ikabaki, na kama ilibaki lazima inyweke, na chai ya matanga haiwezi kunywewa bila marehemu.

"Marehemu yuko," dereva akasema. "Hata tunajua alikunywa nini."

"Alikuwa wa kanisa gani?" mzee akaniuliza.

"Mtaliano, mzee. Nafikiri ni Mkatoliki."

Mzee, ambaye si Mkatoliki, akashusha pumzi. "Mungu anajua kupanga." Akaomba kwa ufupi na kwa uangalifu. Kwa sababu ya ile sumu, hakutaja marehemu ameelekea upande gani. Kisha akasema mwenye msiba asimame awaeleze watu habari za marehemu.

Mwenye msiba nilikuwa mimi. Mke wangu alikuwa ameshika birika, ananiangalia, na nilijua nikishindwa hapo, Jumatatu ni Gikomba.

"Simjui sana," nikaanza. "Ana makosa. Mmoja wa wale ndugu wanaompenda anaimba kama amebanwa kidole na mlango. Tarumbeta ni nyingi bila sababu. Kwao wamemsahau na pengine wako sawa. Na mke wangu hapa anasema anarudia, ni kweli. Lakini mimi nasikia kama mgonjwa mbele ya daktari. Anasema pananiuma hapa. Halafu anasogeza kidole. Hapana, hapa. Hapa. Neno ni lile lile, lakini anatafuta mahali penyewe." Nikainamia gramafoni. "Basi, sikilizeni filimbi."

Nikaweka santuri. Walisikiliza vikombe mkononi. Jirani akaguna "mm" kama anavyoguna kwenye maombi, na machozi yakamtoka tena, safari hii bila kuuliza ni ya nani. Filimbi ikanyamaza. Mjane akabaki peke yake, na hapo hapo betri zikaanza kuisha. Sauti ikashuka, ikashuka, ikawa nzito, mpaka mama wa watu akawa na besi.

"Amekufa mwanamke," dereva akasema, "anazikwa akiwa polisi."

Mzee wa kanisa alitokwa na chai puani. Mke wangu alicheka mpaka akaweka birika chini. Nikajua nimeshindwa, na kusema haki, nilicheka pia.

Walipoondoka nilitafuta kamba nikaanza kufunga sanduku.

"Unalipeleka wapi?"

"Gikomba. Si ulisema?"

"Mtu ameombewa kwangu, chai yake imenyweka kwangu," mke wangu akasema. "Umeona wapi maiti ikipelekwa sokoni?" Akalisukuma sanduku chini ya kitanda, karibu na sare yake ya kwaya. Akapangusa mikono. "Ile filimbi, baadaye humrudia?"

"Hairudi."

"Nilijua tu. Nunua betri mpya."

Sijui kama huko ni kupenda. Naandika alivyosema. Tangu siku hiyo, kila nikiweka santuri, jirani hugonga ukuta kwanza: "Leo anakufa, ama niendelee kupika?"