Ndege ya Saa Moja

Nilikana kwa miaka mingi, leo nakiri kwako, mwanangu: ninaogopa ndege. Watu wakiniuliza kwa nini nakwenda Dar es Salaam kwa basi, nilikuwa na hotuba tayari. Kwamba barabara inafundisha jiografia. Kwamba anayeruka hauoni Mlima Kitonga. Nisichosema ni kwamba Kitonga nami siuoni, maana pale kwenye kona za makorongo huwa nimefumba macho.

Nakumbuka siku hotuba hiyo iliponiishia. Baba yangu, mkulima wa viazi milimani juu ya Mbeya, alikuwa amepata nafasi ya kupasuliwa macho huko Dar. Jicho moja lilishapofuka, la pili lilikuwa linafuata. Akikosa siku ile, hatukujua angeitwa tena lini. Basi ni kutwa nzima na zaidi, na mgongo wake haukubali. Tukamkatia tiketi ya ndege; Dar angepokewa na mdogo wangu anayeishi huko. Wa kumsindikiza nilikuwa mimi. Nikasema nina mitihani ya kusahihisha hapa Iringa. Mitihani ilikuwepo, mwanangu, huwa ipo.

Nikamtia moyo kwenye simu, kwa sauti ya mtaalamu: "Baba, pamoja na umbali wote huo, ndege ni saa moja tu."

"Saa moja," akarudia. "Sawa, mama."

Asubuhi ya safari akanipigia wifi yangu, anayeishi na baba. "Wifi, baba hayupo! Kaondoka na bodaboda, giza bado. Kamwambia jirani ndege yake ni ya saa moja. Si ni ya saa sita mchana?"

Nikakaa chini. Mimi nilitaja muda wa kuwa angani. Yeye kasikia saa ya kuondoka. Nikampigia: simu imezimwa. Nikamwona kichwani, mzee asiyeona vizuri, anasikia ndege ya asubuhi ikiruka, anaamini imemwacha, anageuza kurudi shambani. Wifi akaondoka kumfuata, lakini kutoka kule hadi uwanjani si karibu, na njiani mtandao hukatika. Mchana ukanikuta sijasahihisha karatasi hata moja.

Ndipo nilipoelewa ninachokuambia sasa, mwanangu. Ukiogopa kitu, sema unaogopa. Woga ukifichwa hujifunza kuongea vizuri, hupata sababu za maana, na mwisho wake mzazi anasafiri peke yake. Na ukimtajia mtu saa, mwambie ni ya kuondoka au ya kukaa njiani. Hilo la pili nimelilipia kwa jasho, hata kwenye baridi hii ya Iringa.

Saa saba na kitu simu ikaita. Baba.

"Mama, niko Dar. Joto la huku lina hasira! Mdogo wako huyu hapa, kanishika begi."

"Baba! Mbona ulizima simu?"

"Si ulisema kwenye ndege zinazimwa? Nikaizima nyumbani kabisa, nisisahau. Saa moja nikafika, wakaniambia, mzee, wewe ni wa saa sita. Nikakaa."

"Na huko angani?"

"Nimemaliza kiazi kimoja, cha pili wakasema tunashuka."

Nikacheka huku nalia. Yeye akaendelea.

"Siku ya kurudi uje unifuate. Kwa ndege."

"Baba, mimi…"

"Najua unaogopa. Nitakushika mkono. Mungu akubariki, mwanangu, akusafirishe salama."