Sura Ambayo Uwimpuhwe Hakuisoma

Uwimpuhwe alikuwa na miaka kumi na mitano, akisoma Karagwe, Tanzania, mwalimu wake alipomwazima riwaya nyembamba iliyong'oka jalada. Ilihusu binti mshona nguo aliyeposwa na mwanamume mwenye uwezo, kwa sharti auze cherehani na kukaa nyumbani. Uwimpuhwe alifika pale binti anaporudisha vitenge vya posa na kusema, "Cherehani yangu siiuzi." Kesho yake wazazi wake walifunga mizigo kurudi Rwanda, na ikabidi kitabu kirudi kwa mwenyewe.

Hakujua kiliishaje, ila maneno yale aliyabeba mpaka Gisenyi.

Miaka tisa baadaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mchumba wake alikuwa Phocas, mvuvi wa Rubona, mtu mpole aliyejua kumchekesha. Wiki tatu kabla ya familia kuja kumposa rasmi, Phocas alimwambia, "Tukioana, mambo ya shule tuyaache. Mama anahitaji mtu nyumbani."

Aliomba siku mbili za kufikiri. Alilia zote mbili, kwa kuwa alimpenda. Kisha akateremka Rubona asubuhi, mashua zikishusha sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, akamwambia, "Shule yangu siiachi." Phocas alimtazama, akainama kukunja nyavu zake.

Hakuolewa. Hakupanga iwe hivyo. Miaka ilipita tu. Alisomea Kiswahili wakati wa likizo, akahamia sekondari. Wanafunzi walipomuuliza ni kitabu gani anachokipenda kuliko vyote, aliwasimulia kile cha cherehani.

Mwaka jana binamu yake Ritah, mkazi wa Goma, alivuka mpaka wa Grande Barrière akiwa nacho mkobani.

"Niliipata kwa muzee moja anauzaka vitabu ya zamani," alisema. "Si njo ile unasemaka kila siku?"

Ndicho. Waliketi barazani, Uwimpuhwe akasoma bila kuinua kichwa. Katika sura iliyofuata, mshona nguo alimwendea mchumba wake, akapiga magoti, akaomba radhi. Ukurasa haujaisha, cherehani imeshauzwa. Harusi ikafungwa.

"Ameiuza, Ritah."

"Ameuza nini?"

"Cherehani. Miaka yote hii nilidhani namfuata yeye."

Ritah aliweka kikombe chini. "Bon. Kama ungemaliza kitabu wakati ile, ungeolewa na Phocas?"

Uwimpuhwe alikifunga kitabu. "Sijui. Labda ningelia vilevile na kusema vilevile. Labda hapana."

"Na unajuta?"

"Kuna siku najuta. Leo nina hasira tu na mwandishi."

Ritah alicheka. Uwimpuhwe hakucheka.

Mwisho wa juma alikisoma upya, polepole, kama anavyosoma insha za wanafunzi. Hasira ilimtoka, akamwonea huruma yule binti. Kitabu kizima hakikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba anaweza kubaki na cherehani yake. Uwimpuhwe, katika zile siku mbili za kulia, alikuwa naye mtu huyo, ingawa wa karatasi tu.

Jumatatu alikipeleka darasani. Msichana aitwaye Ishimwe alikuwa wa kwanza kukiomba.

"Mwalimu, kinaishaje?"

"Soma. Halafu uje uniambie kama umekubali."

Ishimwe alikaa nacho wiki mbili. Siku aliyokirudisha, aliomba wakae nje kidogo, kwa sababu alikuwa na mengi ya kubisha.